Mnyama Anapobadili Njia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mazingira, Tabia na Magonjwa ya Wanyamapori

Haya ni maswali yanayorudi kila inapotangazwa habari ya popo, ya mafua ya ndege au ya mizoga iliyotapakaa nyikani. Majibu hayalingani kwa urefu. Mengine ni ya mistari mitatu, mengine hayaeleweki bila kusimulia kisa kizima.

Mazingira yakibadilika, mnyama anaugua kwa sababu gani hasa?

Wengi hudhani njia ni moja: msitu unakatwa, mnyama anadhoofika, anaugua. Hiyo ipo. Lakini kuna hatua ya katikati inayorukwa sana, nayo ni tabia. Mazingira yakiharibika, mnyama hubadilisha kitu kwanza: anakula kingine, analala pengine, anakunywa dimbwi moja na wanyama ambao zamani hakukutana nao, au anaacha kuhama. Vimelea hufuata nyuma ya mabadiliko hayo.

Ndiyo maana mlipuko ukitokea, kuuliza "ni kirusi gani?" hakutoshi. Swali lenye faida zaidi, kwa maoni yangu, ni hili: mnyama huyu ameanza kufanya nini ambacho hakuwa akikifanya? La kwanza maabara inaweza kulijibu kwa siku chache. La pili lilihitaji kumbukumbu za robo karne kwa popo wa Australia, nao tutawafikia hivi punde.

Kwani vimelea hivi si vipya?

Mara nyingi vilikuwepo siku zote. Mfano unaoshtua kuliko yote ni wa saiga, swala wa nyika za Asia ya Kati mwenye pua kubwa inayoning'inia. Mwezi Mei 2015, majike walipokusanyika kuzaa katika nyika za Kazakhstan, zaidi ya saiga 200,000 walikufa ndani ya wiki tatu hivi. Hiyo ilikuwa zaidi ya nusu ya saiga wote waliobaki duniani. Katika makundi yaliyopatwa hakubaki hata mmoja: mama anaanguka, na ndama anamfuata baada ya saa chache.

Aliyewaua ni bakteria anayeitwa Pasteurella multocida, ambaye huishi kwenye tezi za koo za saiga wazima bila kuwadhuru. Hakuletwa na mtu wala mifugo. Watafiti walipolinganisha vifo hivyo na rekodi za hali ya hewa, pamoja na vifo vya miaka ya nyuma, walikuta kwamba siku chache kabla ya mlipuko unyevu wa hewa na joto vilipanda kupita kawaida ya msimu ule. Mpaka leo haijaelezwa kikamilifu ni kwa namna gani unyevu ulimgeuza mpangaji mtulivu kuwa muuaji. Saiga wenyewe wamerudi kwa kishindo, na idadi yao imepita milioni moja, kwa sababu ni wanyama wanaozaa upesi na mara nyingi mapacha. Tembo wangepatwa na jambo hilo, hadithi ingekuwa nyingine.

Njaa inaingiaje katika habari hii?

Inaingia kila mahali. Kisa kilichochunguzwa vizuri kuliko vyote ni cha popo wakubwa wala matunda wa mashariki ya Australia na kirusi cha Hendra. Kirusi hicho kiligunduliwa mwaka 1994 katika mazizi ya farasi kwenye kitongoji cha Hendra, mjini Brisbane, baada ya farasi wengi na mkufunzi wao kufa. Popo wanakibeba bila kuugua. Farasi hukipata wakila majani yaliyodondokewa mkojo wa popo au makombo ya matunda waliyotafuna, na binadamu hukipata kutoka kwa farasi mgonjwa. Mpaka sasa wanajulikana watu saba walioambukizwa, na wanne kati yao walikufa.

Swali lilikuwa: popo na farasi wameishi pamoja miaka mingi, kwa nini sasa? Jibu lilichapishwa mwaka 2022, baada ya kuchambua kumbukumbu za miaka 25, kuanzia 1996 hadi 2020. Chakula halisi cha popo hawa si matunda ya bustani. Ni nekta ya maua ya mikaratusi na miti mingine ya asili, tuseme ule utamu wa ndani ya ua. Tatizo ni kwamba miti inayochanua wakati wa baridi ni michache, na ndiyo iliyofyekwa sana kwa ajili ya mashamba na makazi. El Niño ikipita, maua huadimika, na popo hukosa pa kwenda.

Zamani, kipindi kibaya kilipokwisha, waliungana tena kwenye makundi makubwa na kuendelea kuhamahama kufuata maua. Sasa hawarudi. Wamejigawa katika vikundi vidogo, wamehamia kando ya miji na mashamba, na wanaishi hapo mwaka mzima kwa matunda ya miti iliyopandwa, ambayo hayawashibishi lakini yapo kila siku. Miti hiyo hiyo ndiyo kivuli cha farasi. Na popo mwenye njaa, hasa wakati wa baridi, humwaga virusi vingi zaidi. Kwa hiyo mambo mawili yanakutana mahali pamoja: virusi vingi, na farasi chini ya mti.

Sehemu ninayoipenda katika utafiti ule ni upande wa pili. Kila mara misitu iliyobaki ilipochanua vizuri majira ya baridi, popo kwa maelfu na maelfu waliacha mashamba wakaifuata, na maambukizi kwa farasi hayakuonekana msimu huo. Popo hakuwa amezoea mji. Hakuwa na pengine.

Mnyama anaweza kweli kuacha chakula chake na kula kitu cha ajabu?

Anaweza, na si kwa ujinga. Katika msitu wa Budongo, Uganda, sokwemtu walikuwa wakila kiini cha miwale iliyooza, jamii ya mchikichi inayotoa nyuzi imara. Kiini hicho kina sodiamu, madini ambayo ni adimu katika majani na matunda ya msituni. Kisha wakulima wa tumbaku nje ya msitu wakahitaji kamba za kufungia majani ya tumbaku ili yakaushwe, na nyuzi za miwale zikawafaa. Miwale ikakatwa mpaka ikakaribia kwisha.

Sokwemtu wakatafuta madini pengine. Kamera zilizotegwa ziliwanasa, kati ya 2017 na 2019, wakija kwenye mti wenye uwazi shinani ambamo popo hulala, wanaingiza mkono, wanachota kinyesi cha popo kilichorundikana na kukila. Mbega nao walikuja, na funo pia. Kinyesi kile kilipopimwa kilikutwa na madini kwa wingi, na virusi 27, kikiwemo kimoja cha jamii moja na kile kilichosababisha UVIKO-19.

Utafiti huo, uliotolewa mwaka 2024, haukuonyesha kwamba sokwemtu waliugua. Ulionyesha mlango uliofunguka. Tafakari urefu wa mnyororo huo: haja ya tumbaku, kamba, mti mmoja wa msituni, chumvi, na hatimaye sokwemtu kula kinyesi cha popo. Hakuna mtu katika mnyororo huo aliyekuwa akifikiria virusi.

Ukame unaua simba kwa ugonjwa? Simba hali majani.

Hali majani, lakini anamla nyati, na nyati anakula majani. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao kwa kawaida ni wa mbwa, uliwapiga simba wa Serengeti. Karibu theluthi moja ya simba wote, yaani elfu moja hivi, walikufa, wengine wakiwa na degedege. Watu waliridhika na maelezo mepesi: mbwa wa vijijini wameleta kirusi. Ni kweli, ila hayakutosha, kwa sababu damu iliyohifadhiwa ilionyesha simba walikuwa wamewahi kupatwa na distempa miaka ya nyuma bila hata mtu kugundua.

Tofauti ilikuwa ukame wa 1993. Nyati walikonda, wakajaa kupe, na kupe walibeba vimelea vya damu vya babesia. Mvua ziliporudi nyati walianguka kirahisi, simba wakala nyama ya dezo, na kwa kula huko wakavamiwa na kupe hao. Simba huishi na babesia kidogo siku zote. Safari hii distempa ilikuja ikavunja kinga ya mwili, na babesia wakapata uwanja. Mambo hayo hayo yalijirudia katika kreta ya Ngorongoro mwaka 2001, baada ya ukame mwingine. Kila ugonjwa peke yake ulikuwa unavumilika, pamoja haukuvumilika.

Joto likiongezeka duniani, basi magonjwa yote yataongezeka?

Hapana. Kila kimelea kina joto lake, na kila mnyama ana lake. Linalotakiwa kutazamwa ni nani anafaidika pale wanapokutana.

Huko Hawaii, ambako mbu hawakuwepo kabisa mpaka karne ya 19, malaria ya ndege imewamaliza ndege wa asili wa nyanda za chini. Kwa baadhi ya spishi, kuumwa na mbu mmoja tu mwenye vimelea huwa ni kifo kwa ndege tisa kati ya kumi. Waliobaki wamekimbilia milimani, kwa sababu chini ya nyuzi joto 13 hivi vimelea vya malaria hiyo havikui ndani ya mbu. Joto likipanda, mstari huo wa usalama nao unapanda mlima, na mlima una kilele. Tena ndege hawa hufuata maua. Maua yakiisha juu, hushuka kutafuta mengine, na huko chini ndiko mbu waliko.

Popo wa Amerika Kaskazini wana shida iliyo kinyume. Kuvu inayopenda baridi, iliyoonekana kwanza jimbo la New York mwaka 2006, huwaota puani na kwenye mbawa wakiwa katika usingizi mrefu wa majira ya baridi. Inawawasha, wanaamka mara nyingi, wanachoma mafuta waliyoyaweka akiba, na wengine huruka nje kwenye theluji kutafuta wadudu ambao hawapo. Mamilioni wamekufa. Ndani ya pango lenyewe kuna sehemu za baridi sana na sehemu za uvuguvugu kidogo. Kuvu hukua haraka zaidi penye uvuguvugu, na uchunguzi katika majimbo ya Michigan na Wisconsin uligundua kwamba popo wengi waliendelea kuchagua huko huko. Kwa karne nyingi palikuwa mahali pazuri pa kulala. Mwili bado unakumbuka hivyo.

Kwa vyura, joto ni dawa. Kuvu ya ngozi inayoitwa kitridi, ambayo imechangia kupungua kwa spishi zisizopungua 501 za amfibia na kutoweka kwa 90 kati ya hizo, hulemewa joto linapokaribia nyuzi 30. Watafiti wa Australia walichukua matofali yenye matundu, wakayapaka rangi nyeusi, wakayaweka ndani ya vibanda vinavyoshika joto la jua. Vyura wagonjwa waliingia wenyewe kwenye matundu, wakajipasha joto, wakapona, na wengi wakabaki na kinga. Hakuna aliyewafundisha. Walichokosa ni pahali.

Na habari ya kimeta kutoka kwenye barafu, ni kweli?

Ni kweli kwa sehemu kubwa. Mwaka 2016 kimeta kililipuka katika rasi ya Yamal, Siberia, wakati wa kiangazi cha joto lisilo la kawaida. Zaidi ya kulungu wa baridi 2,000 walikufa, na mtoto mmoja. Ardhi iliyoganda iliyeyuka kwa kina kuliko kawaida, na mbegu za kimeta zilizozikwa na mizoga ya zamani zikafikiwa. Kinachosahaulika ni kwamba chanjo ya kulungu hao ilikuwa imesitishwa mwaka 2007. Barafu ilifungua mlango, ndiyo, lakini mlinzi alikuwa ameshaondolewa.

Mvua nyingi nazo?

Mvua ni hadithi ya mbu. Homa ya Bonde la Ufa ni mfano wa kitabuni: mayai ya mbu yenye kirusi hukaa kwenye udongo wa mabonde yaliyokauka kwa miaka, mafuriko ya El Niño yakija yanaanguliwa kwa pamoja, na mifugo na wanyamapori huanza kuharibu mimba. Ilikuwa hivyo 1997 na 1998, ikawa hivyo tena 2006 na 2007. Kwa kuwa El Niño hujulikana miezi kadhaa kabla, huu ni kati ya magonjwa machache ambayo tahadhari yake inaweza kutangulia mbu.

Kwani wanyama hawajui kujikinga?

Wanajua, tena kuliko tunavyowapa sifa. Kamba koche wa bahari ya Karibi hupenda kulala pamoja mapangoni, lakini wazima humkimbia mwenzao aliyeambukizwa kirusi fulani hata kabla hajawa na uwezo wa kuambukiza. Wanamtambua kwa harufu. Mandrili wa Gabon huacha kumchambua manyoya mwenzao mwenye vimelea vya tumbo, akitibiwa, wanamrudia. Sungusungu wakileta mbegu za kuvu kwenye kichuguu hupunguza kukutana na wengine, na zaidi wanakilinda chumba cha malkia.

Ila kinga hizi zote zinataka nafasi. Kumkwepa mgonjwa kunawezekana ukiwa na mahali pengine pa kulala na pengine pa kunywa. Likibaki dimbwi moja katika wilaya nzima, aliye mzima na aliye mgonjwa watakunywa bega kwa bega. Nadhani hili ndilo jambo linalopuuzwa kuliko yote tunapohesabu hasara ya makazi ya wanyama: tunahesabu hekta na idadi ya vichwa, hatuhesabu uwezo wa mnyama kusema "hapa siingii."

Kuwawekea chakula ndege na wanyama kunasaidia?

Inategemea. Kunamwokoa mmoja leo na kunaweza kuwaangusha kumi kesho.

Mwaka 1994 huko Marekani, ndege wadogo jamii ya chiriku walianza kuonekana wamevimba macho. Ni bakteria wa mycoplasma, aliyezoeleka kwa kuku. Ndege mgonjwa haoni vizuri, hivyo hakimbii. Anakaa kwenye kihori cha mbegu bustanini muda mrefu, anasugua jicho linalochuruzika kwenye ukingo, na anayekuja baada yake anaweka kichwa pale pale. Uingereza nako, kuanzia mwaka 2005, chiriku wa kijani walipungua vibaya kwa vimelea vya koo vilivyoenea kwenye vihori na beseni za maji.

Katika jimbo la Wyoming, elki, kulungu wakubwa wa huko, wamekuwa wakilishwa nyasi kavu majira ya baridi kwa zaidi ya karne moja. Wana ugonjwa wa brusela, ambao humfanya jike aharibu mimba. Porini jike angejitenga, na kijusi kingeliwa na mbweha kabla hakijaguswa na wengi. Kwenye viwanja vya kulishia, kijusi kinaangukia katikati ya kundi, na elki wengine wanakuja kukinusa na kukilamba.

Unayependa kulisha ndege, safisha kihori mara kwa mara na kwa dawa, hamisha mahali pake, na ukiona hata mmoja amejikunyata manyoya yametuna na hakimbii, acha kulisha kwa wiki kadhaa. Usione huruma hapo. Huruma ndiyo inayowaua.

Kuhama si ndiko kunakoeneza magonjwa?

Kunaeneza, na kunasafisha pia. Mafua ya ndege ya H5N1 yamesafiri na ndege wa mwituni mpaka mabara yote isipokuwa Oceania kufikia mwaka 2024, na mwaka 2023 yaliua watoto wa sili-tembo zaidi ya 17,000 katika rasi ya Valdés, Argentina, karibu wote waliozaliwa mwaka huo.

Upande mwingine kuna kipepeo monaki. Ana kimelea ambacho mbegu zake hubaki kwenye majani anapotaga, na kiwavi huzila. Vipepeo wanaohama huyaacha majani machafu nyuma yao, na wagonjwa sana hawafiki mwisho wa safari. Lakini kusini mwa Marekani watu wamepanda bustanini aina ya kigeni ya mmea anaoupenda, isiyokauka majira ya baridi. Kwa nia njema kabisa. Baadhi ya vipepeo wakaacha kuhama, wanataga juu ya majani yale yale mwaka mzima, na maambukizi kwao ni makubwa mno kuliko kwa wanaohama. Ukimzuia mhamaji, hata kwa wema, umemfungia pamoja na uchafu wake.

Mbona wanyama wengi siku hizi wanatembea usiku?

Wanatukwepa. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliohusisha spishi 62 za mamalia katika mabara sita uliona kwamba penye watu, shughuli zao za usiku huongezeka kwa mara 1.36. Usiku wanakutana na washindani wengine, wawindaji wengine, na wadudu wengine wanaouma. Madhara yake kwa magonjwa ndiyo kwanza yanaanza kuchunguzwa.

Tukiwaua popo, si tatizo litakwisha?

Lilijaribiwa. Katika mgodi wa Kitaka, Uganda, wachimbaji waliugua Marburg, homa kali ya jamii ya Ebola, mwaka 2007. Popo wa mgodi ule wakaangamizwa. Baada ya muda popo wengine walirudi kidogo kidogo, wachache tu wakilinganishwa na wa mwanzo, na walipopimwa mwaka 2012 walioambukizwa walikuwa asilimia 13.3, wakati kabla ya mauaji walikuwa asilimia 5.1. Mwaka huo huo Marburg ikalipuka tena kwa watu wa eneo hilo.

Sababu inayotajwa haina fumbo. Ukiua popo wenye kinga, umefungua nafasi kwa vijana wasio na kinga, na hao ndio wanaoshika na kumwaga virusi. Ukiwatisha, wanatawanyika hadi mahali ambako hawakuwepo.

Je, ugonjwa nao unaweza kubadilisha mazingira?

Unaweza kubadilisha nchi nzima. Sotoka ililetwa Afrika mwishoni mwa karne ya 19 na kuwamaliza ng'ombe, nyati na nyumbu. Chanjo ya ng'ombe ilipofaulu, nyumbu wa Serengeti walipanda kutoka robo milioni hivi mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi takriban milioni 1.3 kufikia 1977, ingawa hakuna nyumbu aliyechomwa sindano. Nyumbu wengi wakala nyasi nyingi, nyasi zikawa fupi, moto wa kiangazi ukapungua, na miti ikaota. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Miti ile, kwa hiyo, ni matokeo ya chanjo ya ng'ombe.

Kinyume chake ni India, ambako dawa ya maumivu ya ng'ombe, diklofenaki, iliwaua tumbusi waliokula mizoga mpaka baadhi ya spishi zikapungua kwa zaidi ya asilimia 95. Mizoga ikabaki, mbwa wa mitaani wakaongezeka, na kichaa cha mbwa kikapata wabebaji.

Chanzo kikuu ni kipi basi: hali ya hewa, ukataji miti, au ugonjwa wenyewe?

Mara nyingi havitenganishiki, na anayekupa jibu la neno moja anauza kitu. Tazama chura wa Kihansi, Tanzania. Ni chura wa rangi ya dhahabu asiyefikia sentimita tatu, anayezaa watoto badala ya kutaga, na dunia yake yote ilikuwa hekta chache zilizolowanishwa na manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme lilipoanza kazi, karibu asilimia 90 ya maji yalihamishwa. Mitambo ya kunyunyiza ikawekwa, vyura wakaonekana kupata nafuu, kisha mwaka 2003 wakaanguka ghafla, na kitridi ikakutwa. Mwaka 2009 walitangazwa kutoweka porini. Walibaki waliokuwa wamepelekwa kwenye bustani za wanyama za Marekani, na uzao wao ndio uliorudishwa Kihansi baadaye.

Bwawa au kuvu? Ugomvi huo umewafaa wanasiasa zaidi ya vyura. Makazi yalipobanwa, hapakubaki kona ya pili ya kukimbilia kuvu ilipofika.

Kuna kilichowahi kufanya kazi?

Kipo. Uswisi, mwaka 1978, ilitega vichwa vya kuku vyenye chanjo ili mbweha wavile, na njia hiyo ya chambo imeondoa kichaa cha mbwa kwa mbweha katika sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi. Bangladesh, ambako popo hulamba utomvu wa mtende usiku na kuacha kirusi cha Nipah chunguni, wagema wamefundishwa kufunika mahali palipochongwa kwa mkeka wa mianzi. Popo anafika, hapati, anaondoka. Chanjo ya Hendra kwa farasi ipo tangu 2012. Na kupanda upya miti inayochanua majira ya baridi kunazungumzwa sasa Australia kama hatua ya afya, kitu ambacho miaka ishirini iliyopita kingechekwa.

Nikikuta mnyama wa porini amekufa au anaumwa, nifanye nini?

Usimguse, usimchune, usimchukue nyama, na mfunge mbwa wako. Piga picha kwa mbali, andika mahali na saa, hesabu waliokufa, na taja kama kuna aina zaidi ya moja. Eleza pia tabia: alikuwa anazunguka, haogopi watu, anayumba, au amejitenga na kundi? Maelezo hayo humsaidia daktari wa wanyama kuliko jina la ugonjwa ulilolikisia. Toa taarifa kwa maofisa wa wanyamapori au wa mifugo walio karibu.

Ukiona damu isiyoganda imetoka puani au sehemu ya haja, chukulia ni kimeta mpaka wakuambie vinginevyo. Mzoga wa namna hiyo haupasuliwi kamwe, kwa sababu bakteria wake wakipigwa na hewa hugeuka mbegu ngumu, na mbegu hizo hukaa kwenye udongo ule kwa miongo mingi.